Msitutulize, Tupeni la Kufanya

Mhadhara wa hadhara kuhusu mionzi, taarifa za serikali na familia zetu



Nitazungumzia taarifa ambazo serikali huwapa wananchi baada ya ajali ya nyuklia au ya mionzi, na jinsi taarifa hizo zinavyopokelewa nyumbani: kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa baba anayetakiwa kazini kesho asubuhi, kwa bibi asiyetaka kuhama. Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili mnipime nayo. Taarifa ya usalama inayolenga kuwatuliza watu hushindwa, hata kama kila neno lake ni la kweli. Inayofaulu ni ile inayompa mzazi jambo la kufanya usiku huohuo na kumweleza kwa nini alifanye.

Najua swali linalowakereketa baadhi yenu. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Ya nini basi kuyaleta haya Temeke?

Yanatuhusu kwa sababu mionzi tunaishi nayo. Taasisi ya Saratani Ocean Road inawatibu ndugu zetu kwa mionzi. Hospitali zetu zina mashine za X-ray. Bandari yetu, inayopakana na Kurasini hapahapa Temeke, ni mlango wa chakula kinachotoka nje, na kukipima chakula hicho ni miongoni mwa kazi za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003. Kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna mradi wa urani wa Mto Mkuju. Na jirani zetu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa serikali ya Kenya wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia kwenye pwani yao. Waliokuwa wakidai majibu pale walikuwa wavuvi na wazazi, watu kama ninyi.

Yanatuhusu pia kwa sababu Dar es Salaam inajua maana ya kungoja taarifa huku watoto wamekumbatia miguu yako.

Mbagala na Gongo la Mboto

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Jeshi la Wananchi lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka kuta. Kabla miaka miwili haijatimia, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto, wilaya ya Ilala. Zaidi ya watu 20 wengine wakafa. Uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda. Maelfu walitembea usiku ule kwa miguu, watoto wakapotezana na wazazi, na familia zikahifadhiwa hapa Temeke, Uwanja wa Uhuru.

Waliokuwepo wanakumbuka maswali ya usiku ule. Nikimbilie upande gani? Mtoto aliyekuwa kwa shangazi yake nimfuate au nitulie? Nikirudi kesho, lile dude la chuma lililoanguka nyuma ya choo litalipuka? Maswali haya yote yanahusu kitendo. Mtu aliyetoka nyumbani na khanga moja na mtoto mgongoni hajauliza habari za utulivu. Ndiyo maana agizo lililofaa kuliko yote siku zile lilikuwa fupi: ukiona kitu usichokijua, usikiguse, toa taarifa. Mtoto wa darasa la pili aliweza kulishika na kulitekeleza.

Siku 23 baada ya Gongo la Mboto, dunia ikasikia habari za Fukushima. Tofauti ya majanga haya mawili ndiyo kiini cha mhadhara huu. Bomu linasikika, na moshi wake unaonekana toka mbali. Mionzi haisikiki, haionekani na haina harufu. Mama wa Gongo la Mboto aliweza kukimbia kwa kufuata masikio yake. Mama wa Fukushima hakuwa na cha kufuata isipokuwa maneno ya mwenye kipimo. Ndiyo maana nasema kwamba katika ajali ya mionzi taarifa yenyewe ni sehemu ya uokoaji. Ukiichelewesha, umelichelewesha gari la wagonjwa.

Fukushima: mstari unaohama

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vilikata umeme wa kupozea vinu vya kituo cha Fukushima Daiichi, Japani. Usiku ule waliamriwa kuondoka waliokuwa ndani ya kilomita 3. Kesho yake asubuhi zikawa kilomita 10, na jioni zikawa 20. Tarehe 15 waliokuwa kati ya kilomita 20 na 30 wakaambiwa wajifungie ndani. Fikirieni familia iliyohama mara tatu kwa siku mbili, kila mara ikiambiwa kwamba hapa sasa pametosha.

Msemaji mkuu wa serikali, Yukio Edano, alirudia mara nyingi kwamba viwango vilivyopimwa havina madhara ya papo hapo kwa afya. Kisayansi kauli ile ilikuwa na msingi. Lakini mzazi hamlei mtoto kwa ajili ya leo tu. Aliposikia kuhusu papo hapo, aliuliza habari za miaka 10 ijayo, na jibu halikuja. Kauli iliyotungwa kupunguza hofu ikaizidisha.

Watu wa mji wa Namie, karibu na kituo kile, walikimbilia kaskazini-magharibi, hadi kitongoji cha Tsushima. Upepo nao ukaelekea hukohuko na kubeba mionzi. Kulikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria mionzi inakoelekea, uitwao SPEEDI, na makadirio yake yalikuwapo maofisini. Hayakuwafikia watu wa Namie. Umma uliyaona kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi. Kwa siku kadhaa pale Tsushima watoto walicheza nje, na wali ukapikwa kwa maji ya kijito cha mlimani. Maofisa walijitetea kwamba makadirio yale hayakuwa na uhakika na yangezua taharuki. Mimi nasema mzazi anaweza kuishi na makadirio yasiyo na uhakika, mradi aambiwe kwamba ndivyo yalivyo. Angewaweka watoto ndani na angebadilisha njia. Kilichomuumiza ni kugundua baadaye kwamba mtu fulani alijua na akanyamaza.

Likaja suala la shule. Mpaka wa kawaida kwa raia ni milisiveti 1 kwa mwaka, nje ya mionzi ya asili na ya matibabu. Nieleze kidogo. Milisiveti ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Kwa wastani binadamu hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, na picha moja ya X-ray ya kifua huongeza moja ya kumi ya milisiveti au pungufu. Tarehe 19 Aprili 2011 wizara ya elimu ya Japani iliweka milisiveti 20 kwa mwaka kuwa kipimo cha kuruhusu watoto watumie viwanja vya shule. Siku 10 baadaye profesa Toshiso Kosako, mshauri wa serikali katika masuala ya mionzi, alijiuzulu huku akilia mbele ya waandishi wa habari. Wazazi wa Fukushima walisafiri hadi Tokyo kuizingira wizara. Tarehe 27 Mei wizara ikatangaza kwamba lengo ni kurudi kwenye milisiveti 1 kwa mwaka shuleni.

Ndani ya nyumba namba hizo ziligeuka ugomvi. Baba alibaki Fukushima kulinda ajira, mama akahamia mkoa wa mbali na watoto, kodi ikalipwa mara mbili. Waliohama kutoka nje ya maeneo yaliyoamriwa walihesabiwa kuwa wamejihamisha kwa hiari, na msaada wao ukawa mdogo. Mama aliyemfungia mtoto chakula cha nyumbani ili asile cha shule alionekana anaeneza uvumi na kuwaharibia wakulima soko. Mama mkwe akamuuliza, "Serikali imesema ni salama, wewe nani?" Serikali ilipoacha swali bila jibu, kila mke alilazimika kulijibu peke yake, mbele ya mume, wakwe na majirani.

Lakini haki inanidai niseme na upande wa pili. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, UNSCEAR, haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi wa Fukushima yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi ya ajali ile. Wakati huohuo, zaidi ya watu 2,300 wa mkoa ule wamehesabiwa kufa kutokana na kuhamishwa na mateso yake: wazee waliotolewa vitandani, wagonjwa waliokatiziwa matibabu, watu waliovunjika moyo katika makazi ya muda. Hofu isiyo na kipimo inaua pia. Kwa hiyo siwaombi viongozi wawatishe watu. Nawaomba wawaambie watu kile wanachoweza kukifanyia kazi.

Chupa tatu za maji, na dawa ya madini joto

Mfano wa taarifa nzuri unatoka Japani hiyohiyo. Tarehe 23 Machi 2011 jiji la Tokyo lilitangaza kwamba maji ya mtambo mmoja yana bekereli 210 (kipimo cha wingi wa mionzi kwenye kitu) za iodini yenye mionzi kwa kilo, wakati mpaka kwa watoto wachanga ni 100. Wenye watoto wachanga wakaambiwa wasiwakorogee maziwa kwa maji ya bomba. Familia zenye watoto wachanga wapatao 80,000 zikapangiwa chupa tatu za maji kila moja. Kesho yake kiwango kikashuka na zuio likaondolewa. Angalieni muundo wake: namba, mpaka wa namba hiyo, anayehusika, la kufanya, kitu mkononi, na tangazo jingine bila kuchelewa. Hofu ilikuwapo, maana chupa za maji ziliisha madukani. Lakini mama alilala akijua mtoto wake atanyweshwa nini.

Mfano wa pili ni wa Poland. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Mji wa Pripyat, jirani kabisa na kituo, ulihamishwa tarehe 27 mchana, baada ya saa 36 hivi. Siku moja nzima watoto walikuwa wamecheza nje. Moskva, iliyoitawala Ukraine wakati ule, ilitangaza ajali ile jioni ya tarehe 28, baada ya mitambo ya Sweden kunasa mionzi. Poland haikungoja kuelezwa yote. Tarehe 29 iliamua kugawa dawa ya iodini, ile tunayoiita hapa kwetu madini joto, na ndani ya siku chache watoto zaidi ya milioni 10 wakawa wamekunywa. Watoto wa chini ya miaka minne wakapangiwa maziwa ya unga badala ya maziwa freshi.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Tezi ya shingo hunyonya iodini yoyote inayoikuta. Ikishashiba iodini safi, haina nafasi ya ile yenye mionzi. Na iodini yenye mionzi hufika kwa mtoto kupitia majani, ng'ombe na kikombe cha maziwa. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo wiki chache za kuacha maziwa freshi zinaokoa mengi. Huko Ukraine, Belarus na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, wengi waliendelea kunywa. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa na saratani ya tezi hiyo, na sehemu kubwa ya maradhi hayo inahusishwa na maziwa ya wiki zile. Wengi walitibiwa wakapona, lakini walibaki na kovu shingoni na vidonge vya kumeza maisha yao yote. Sentensi moja, "Msiwape watoto maziwa freshi hadi tuwaambie," ingewaepusha wengi wao.

Nitahadharishe hapa. Mwezi Machi 2011 watu nchini China walivamia maduka kununua chumvi yenye madini joto, wakidhani itawakinga. Haiwezi. Ili kufikia kipimo cha dawa ile, mtu mzima angelazimika kula kilo kadhaa za chumvi kwa mkupuo, na chumvi ingemuua kabla ya mionzi. Watu wale hawakuwa wajinga. Walitafuta la kufanya, na mwenye mamlaka alipochelewa kuwapa, uvumi ukawapa.

Chuma chakavu

Sasa nirudi kwetu. Ajali ya mionzi iliyo karibu zaidi na Tandika, Yombo, Tandale au Tegeta haina kinu. Ina mzani na gunia.

Mnaijua yadi ya chuma chakavu. Mzani unaning'inia kwenye boriti. Kijana ana sumaku iliyofungwa kamba, anaigusisha kwenye kila kipande: kinachonasa ni chuma, kisichonasa ni alminiamu, shaba au risasi, na bei yake ni nyingine. Mtungi wa gesi uko pembeni kwa kukatia vipande vinene. Kitu kizito kuliko ukubwa wake kinapokelewa kwa furaha, maana risasi ina fedha. Na risasi ndiyo inayotumika kufunikia vyanzo vya mionzi.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, vijana wawili waliingia kwenye kliniki ya saratani iliyohamwa na kung'oa kichwa cha mashine ya tiba. Wakakiuza kwa mwenye yadi ya chuma chakavu. Ndani kulikuwa na siziamu-137, unga uliong'aa bluu gizani. Mwenye yadi akauona kama johari, akawaita jamaa na majirani, akawagawia chembe. Mtoto wa kike wa miaka sita, wa jamaa yake, aliuchezea, akala chakula kwa mikono ileile. Aliyeishtukia hatari alikuwa mke wa mwenye yadi. Aliona kila aliyekaribia kitu kile anaugua. Tarehe 28 Septemba akakitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya, akasema kinawaua watu wake. Yeye na yule mtoto walikufa siku moja, mwezi Oktoba. Jumla walikufa wanne. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa kwenye uwanja wa michezo, na 249 wakakutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo zao. Siku ya mazishi ya mtoto yule majirani walirusha mawe ili asizikwe kwao.

Mama yule hakuwa na elimu ya fizikia. Kama ukutani pa yadi ile pangekuwa na bango lenye picha ya kichwa cha mashine na maneno matatu, "Ukikiona, usikifungue. Ripoti," mumewe angekuwa na nafasi ya kusita. Alama ya pembe tatu ya mionzi, ile yenye mabawa matatu, haimwambii kitu mtu asiyefundishwa. Ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa alama mpya ya kuongezea: pembe tatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Ilijaribiwa kwa watu wa kawaida katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo. Nani kati yenu ameiona kwenye yadi yoyote ya Temeke au Kinondoni?

Ninachoomba

Ndugu zangu, namaliza kwa maombi yanayotekelezeka.

Kwa wenye mamlaka: kila taarifa ya hatari ijibu maswali matano ya nyumbani. Nini kimetokea na kipimo chake ni kiasi gani? Kinamhusu nani hasa, kwa mtaa na kwa umri? Tufanye nini usiku huu? Nani atagharamia maji, nauli au chumba? Mtarudi saa ngapi kutuambia tena? Palipo na jambo msilolijua, lisemeni wazi kwamba bado hamlijui, kisha mrudi saa mliyoahidi hata kama hamna jipya. Na wazazi wapewe pa kuhakiki. Akina mama wa mji wa Iwaki, mkoani Fukushima, walifungua maabara yao mwaka 2011 wakapima chakula na udongo wenyewe. Namba aliyoishuhudia mtu ikipimwa ndiyo anayoiamini.

Kwa TAEC na halmashauri za Temeke na Kinondoni: anzeni na yadi za chuma chakavu. Wekeni mabango ya Kiswahili yenye picha na namba ya simu inayopokelewa. Na kijana atakayeripoti kitu cha hatari asipokewe kama mwizi. Akipoteza fedha ya chuma chake, alipwe. Yeyote atakayejua kwamba kuripoti kunamfikisha polisi atakitupa kitu hicho mtaroni, na mvua ya masika haitachagua nyumba.

Kwa viongozi wa mitaa, maimamu, wachungaji na walimu: taarifa itapita kwenu kabla ya kufika kwa mama. Jifunzeni sasa, wakati hakuna kilicholipuka. Mjumbe wa shina anajua nyumba ipi ina kichanga na ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua chupa za maji zianzie wapi.

Na kwenu wazazi: msione haya kuuliza. Mama anayeuliza maji haya ni salama kwa mtoto wa miezi minne hajavunja umoja wa taifa. Anatekeleza wajibu wake, na ana haki ya jibu lenye namba, lenye sababu na lenye la kufanya. Mkiambiwa tu kwamba msiwe na wasiwasi, ulizeni tena, mpaka mpewe kazi.